Gumzo la ukoo, Tanga: Safari ya Rehema kwenye milima ya Nepali

Mjomba Rashidi: Assalamu alaikum, jamaa. Nimesikia kwa mama yake kwamba Rehema amekata tiketi ya Nepali kwa mwezi wa 10, na kwamba anakwenda peke yake kutembea milimani akilala gesti hii na ile. Naomba alieleze jambo hili mwenyewe hapa, kabla hatujasimuliwa na watu wa Ngamiani.

Rehema: Waalaikum salaam, Mjomba, shikamoo. Habari hiyo ni ya kweli. Njia ninayoifuata inaizunguka milima ya Annapurna: inaanzia mji wa Besisahar, ambao hauzidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, inapanda na bonde la mto Marsyangdi kupitia Chame na Pisang hadi Manang kwenye mita 3,540, kisha inavuka mgongo wa milima mahali paitwapo Thorong La, mita 5,416, na kuteremkia Muktinath, wanakohiji Wahindu na Wabuddha. Sibebi hema wala jiko, kwa kuwa vijiji vya njiani vina nyumba za wageni zinazoendeshwa na familia za huko huko. Chumba huwa na vitanda viwili vya mbao, godoro jembamba na blanketi, na ukuta ni ubao ambao jirani akikohoa unamsikia. Bei ya kulala ni ndogo kwa sharti kwamba mgeni ale chakula cha jioni na cha asubuhi humo humo.

Shangazi Mwanaidi: Nao wanapika nini?

Rehema: Chakula chao cha kila siku ni wali kwa dengu, mboga na achari, Shangazi, na sahani ikiisha unaongezewa bila kulipa tena.

Shangazi Mwanaidi: Wali, dengu na achari! Kwenye chakula sina neno.

Mjomba Rashidi: Mimi ninalo, tena ni hilo la kwenda peke yake. Kilimanjaro hapa kwetu mtu haruhusiwi kupanda bila mwongozaji, hata awe na kifua cha simba. Iweje huko aachwe msichana akapite mwenyewe?

Rehema: Haachwi, Mjomba. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 wageni wanaotembea kwenye hifadhi kama ya Annapurna wanatakiwa kuwa na mwongozaji mwenye leseni. Ninaposema peke yangu nina maana kwamba sina kundi la wenzangu, na faida yake ni kwamba nikiamka na kichwa kinauma naweza kubaki kijijini bila kuwarudisha nyuma watu kumi waliolipia ratiba moja.

Dada Zaituni: Mimi kama muuguzi naliunga mkono hilo, na nitaeleza sababu. Sisi tumezaliwa na kulelewa usawa wa bahari, na kwenye mita 5,400 kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, ni kama nusu ya ile ya hapa Raskazone. Mwili hujizoeza, ila unataka muda. Kuanzia mita 3,000 mahali unapolala pasizidi palipotangulia kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Manang ulale angalau mara mbili, mchana upande juu kidogo, usiku urudi chini. Hatari ninayoiona ni gari: siku hizi barabara imefika Manang, na watu hupanda jipu asubuhi Besisahar na kulala Manang usiku huo huo, wakiwa wameruka siku zote ambazo mwili ungezitumia kujizoeza. Usidanganyike kwa sababu ya vumbi au uchovu.

Dada Zaituni: Kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za kukuambia usipande zaidi. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hali umekaa, hapo unashuka papo hapo, hata kama ni saa nane ya usiku. Dawa ya acetazolamide husaidia kuzuia ugonjwa huu wa kupanda juu haraka, lakini muone daktari kwanza. Manang ipo kliniki ya Himalayan Rescue Association msimu wa watalii, nao hutoa somo la ugonjwa huu alasiri, nenda ukasikilize.

Salimu: Nashauri kwanza tukatembee Lushoto hadi Mtae, tulale vijijini njiani.

Dada Zaituni: Usambara itamzoeza miguu na viatu, Salimu, na hilo ni jema, hasa kwa magoti, maana kutoka Thorong La hadi Muktinath anateremka zaidi ya mita 1,600 kwa siku moja. Kwa habari ya hewa nyembamba, Lushoto haimsaidii kitu.

Mjomba Rashidi: Mimi ni mtu wa bahari, nakumbuka kimbunga Hudhud cha Oktoba 2014. Kilipiga pwani ya India, mabaki yake yakapanda hadi milima hiyo hiyo, theluji ikawafunika watu Thorong La na zaidi ya 40 wakafa. Nao ulikuwa mwezi huo huo wa 10 unaosifiwa kwa anga safi.

Rehema: Nimelisoma tukio hilo, Mjomba. Mwongozaji akisema hali ya hewa imechafuka, nitabaki Thorong Phedi, chini ya Thorong La, karibu mita 4,500, mpaka itulie.

Mama Rehema: Utabaki vipi ikiwa ndege ya kurudi inakungoja kesho yake? Umeacha siku ngapi za akiba?

Rehema: Mbili, Mama.

Mama Rehema: Hazitoshi. Mtu akibanwa na tiketi ndipo anapovuka na kichwa kinamuuma. Sogeza tarehe ya kurudi kwa wiki moja, na nauli ikiongezeka nitachangia. Bima nayo itaje kwa maandishi helikopta na mita 5,500, kwa kuwa nyingi huishia chini ya hapo.

Mjomba Rashidi: Uweke mkataba wa bima hapa tuusome, pamoja na nambari ya mwongozaji. Ukishafanya hayo, nitakupeleka mwenyewe stendi ya Kange.