Kigari cha umeme kwa mama, Ujiji hadi Kibirizi

Kutoka: Binti Ujiji (Rotterdam)

Asalaam aleikum wanakwetu, habari za siku nyingi.

Nauliza wenye uzoefu. Huku natumia kigari cha umeme cha watu wawili, huu mwaka wa tatu. Mwisho wake kilomita 45 kwa saa na barabara za kasi hakiruhusiwi, lakini kazini na sokoni kinanifikisha. Usiku nakichomeka kwenye soketi ya ukutani kama pasi, asubuhi kimejaa. Ubaya wake ni baridi. Wakati wa joto natembea kilomita 70 bila wasiwasi, ila Januari nikifika 45 nashukuru Mungu.

Sasa mama yuko Ujiji, Kigoma, anauza dagaa. Siku za giza, zisizo na mbalamwezi, wavuvi wanapoingia ziwani, anadamka alfajiri, anakodi bajaji hadi mwaloni Kibirizi kununua, anarudi na mzigo. Nauli inamla. Nikawaza, Kigoma haina Januari ya huku. Kwa nini nisimpakilie kigari kama hiki kwenye kontena, mdogo wangu akawa anamwendesha?

Kutoka: Kaka wa Hamburg

Dada, kigari chako kina usukani wa kushoto, na nyumbani tunaendesha upande wa kushoto. Hilo moja. La pili, betri ya lithiamu melini inahesabiwa mzigo hatari, ina karatasi zake. Mimi nilitaka kupeleka pikipiki ya umeme, wakala akadai vyeti vya betri ambavyo hata aliyeniuzia hakuwa navyo. Nikaiuza hukuhuku kwa hasara.

Msubiri Mjomba wa Mwanga. Yeye bajaji ya umeme anayo mlangoni.

Kutoka: Mjomba (Mwanga, Kigoma)

Waaleikum salaam, wanangu. Nilichelewa kujibu, intaneti ilikuwa inasuasua.

Binti yangu, wewe unahesabu kilomita, na kilomita hapa si tatizo. Ujiji hadi Kibirizi na kurudi, pamoja na mizunguko ya mama yako, haifiki 30. Tatizo ni mlima. Umesahau stesheni ilivyo chini na Mwanga ilivyo juu?

Nikusimulie yangu. Bajaji niliyonunua ilikuja na betri za asidi, tano za volti 12, kila moja kama kilo 30. Yaani kabla hujapakia abiria tayari umebeba watu wawili wazima wasiolipa nauli. Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Kijana wangu akawa anaikamua mpaka mshale unalala, kisha ndiyo anachaji. Betri za asidi hazipendi hivyo, zinataka ukiishia nusu uzirudishe kwenye chaja. Siku moja anatoka Kibirizi na magunia mawili ya dagaa, dumu la mawese na akina mama watatu. Katikati ya mlima taa zikafifia, mota ikanguruma kidogo, kimya. Betri zilizochoka zikivutwa kwa nguvu volti zinaporomoka, na kontrola, kile kiboksi kinachoongoza umeme wa mota, inajikatia umeme yenyewe. Wakashuka, wakasukuma. Mmoja akamwambia, "Mwanangu, hii ya kwako inakula umeme au inakula sisi?" Jina hilo limebaki. Kijiweni wanaiita Inakula Sisi.

Cha ajabu, mlima wenyewe hauli umeme mwingi. Bajaji na mzigo wake tuseme kilo 600, ukiipandisha mita 100 ni kama yuniti 0.16, weka 0.25 pamoja na upotevu. Ubaya ni kwamba umeme huo unatakiwa wote kwa mkupuo, ndani ya dakika chache, na hapo betri mbovu inaumbuka.

Kushuka nako kuna jambo lake. Mota inaweza kurudisha umeme kidogo kwenye betri ukiwa unateremka. Lakini mimi naishi juu, nachaji juu, natoka asubuhi betri imejaa, kwa hiyo umeme wa mteremko hauna pa kuingia. Kazi yote inabaki kwa breki za kawaida. Nimebadilisha pedi mara mbili.

Baadaye nikafunga betri ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti. Uwezo uleule, uzito thuluthi moja, na mlima inapanda bila kulalamika. Bei yake sitaitaja, mke wangu anasoma barua hizi.

Mahesabu ya siku: kijana anatembea kilomita kama 100. Bajaji ya petroli ingekunywa lita nne, na Kigoma petroli inatufikia ghali kuliko Dar kwa sababu ya umbali. Weka shilingi 12,000 na zaidi. Yangu inakula yuniti nane hivi, kama 2,850 kwa bei ya kawaida ya Luku, umeme wetu wa kulipia kabla.

Hapo kwenye Luku nisikilize vizuri, maana ndipo nilipogombana na nyumba. Tulikuwa kwenye bei ya watumiaji wadogo, wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi. Shilingi 10,000 ilitupa yuniti 80 na kitu. Nilipoanza kuchaji bajaji nyumbani tukavuka 75, tukahamishiwa bei ya kawaida, na 10,000 ileile ikawa inatoa 28. Friji, taa, redio, vyote vikapanda bei kwa ajili ya bajaji. Nikaiwekea mita yake peke yake. Mama yako akitumia tuseme yuniti 45 kwa mwezi, akaongeza 40 za chombo, naye atavuka.

Kutoka: Kaka wa Hamburg

Mjomba shikamoo. Na Kigali je? Tangu mwaka 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa pale lazima ziwe za umeme, na dereva habebi mzigo wa kuchaji, anafika kituoni anabadilishiwa betri, anaondoka. Sisi tumekaa jirani.

Kutoka: Mjomba (Mwanga, Kigoma)

Marahaba. Kigali milima ipo kuliko kwetu, kwa hiyo mlima si kisingizio, nakubali. Lakini nguvu yao ni hivyo vituo. Hapa mtaani kwangu sijaona hata kimoja. Mwenye chombo anabaki na betri yake, na ugonjwa wake.

Ila tuna kitu kimoja ambacho watu wanakisahau. Wavuvi wa dagaa wengi wameacha karabai, sasa wanavulia taa za LED za betri. Kibirizi ukiteremka utakuta vijana wamekaa na mita ya volti na pasi ya kuchomelea waya, wanapasua betri, wanatoa seli iliyokufa, wanafunga nyingine. Betri yangu ilipozima mwezi wa tatu, fundi mkubwa wa vyombo vya moto mjini alishindwa. Kijana wa taa za dagaa aliikalia saa mbili. Waya mmoja mwembamba wa kusoma volti ulikuwa umekatika kwa mtikisiko. Akachomelea, akanidai 5,000.

Kwa hiyo binti, kigari chako cha Rotterdam betri yake imefungiwa ndani na programu ya kiwandani. Kikizima Ujiji kitakuwa banda la kuku. Nunua bajaji ya mizigo, yenye betri ya boksi unayoifungua kwa spana, volti 60, chaja ya soketi ya kawaida. Na kabla ya kulipa, mpeleke mdogo wako aipandishe kutoka stesheni ikiwa na mzigo kamili. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kutoka: Binti Ujiji (Rotterdam)

Shikamoo mjomba, na ahsante. Kontena nimeliacha. Naomba kitu kimoja: wiki ya mbalamwezi wavuvi wakipumzika, mama naye hana safari. Unaweza kumpitia na Inakula Sisi aionje?

Kutoka: Mjomba (Mwanga, Kigoma)

Marahaba mwanangu. Nimempitia jana baada ya alasiri. Tumetoka Ujiji, tumepita chini ya miembe, hadi Kibirizi, tukapanda mlima na ndoo nne za maji badala ya dagaa. Haikuzima. Mama yako hakuuliza habari za betri wala bei. Amepima nyuma kwa shubiri kama magunia matatu yanakaa, yanakaa. Kisha pale Gungu mbuzi wawili na mtoto wa baiskeli walitukatiza bila kugeuka, hawakusikia kitu. Anasema umwambie mdogo wako, kabla ya yote atafute honi ya lori.