Niliagiza tochi za lumeni 1,000, duka likaniletea za "lumeni 100,000" na kuniambia nimependelewa

Wanajukwaa, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha, ila nitajitahidi isinitoe kwenye hoja. Duka moja la mtandaoni lenye ghala lake Kampala lilipokea fedha zetu kwa ajili ya tochi za kichwani za aina fulani, likatuma za aina nyingine kabisa, kisha tulipodai huduma ya waranti iliyoandikwa kwenye ukurasa wao tukabaini kwamba hawana fundi, hawana vipuri, wala hawana hata mtu mmoja anayejua kilichomo ndani ya bidhaa wanazouza. Jina la duka naliacha kwa sasa kwa kuwa dai letu bado liko mikononi mwao.

Mimi ndiye ninayenunua vifaa vya kikundi cha wapagazi na waongozaji wanaopandisha wageni Rwenzori kutoka hapa Kasese. Kwa asiyeifahamu kazi hiyo, kilele cha Margherita kiko mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, na wanaolala kambi ya Elena, iliyo kwenye mita 4,541, huondoka saa nane au saa tisa usiku ili wawahi kuvuka barafu kabla jua halijailainisha. Njia ni miamba yenye utelezi, mvua hainyeshi kwa ratiba, na baridi hugandisha maji kwenye chupa. Mwongozaji akizimikiwa na taa hapo, huku amefungwa kamba moja na wageni, kundi zima linasimama. Ndiyo maana hatununui tochi kwa kutazama rangi ya kasha.

Tangazo tulilolitumia kuagiza lilikuwa la kiungwana. Lilitaja lumeni 1,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), betri moja ya saizi ya 18650 ya miliampea-saa 3,500, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi, kinga ya maji ya kiwango cha IPX7 na waranti ya miezi 12, na bei ilikuwa shilingi 185,000 kwa tochi moja. Tulilipa zote kwa simu kabla ya kuletewa, kwa sababu duka hilo haliruhusu wateja walio nje ya Kampala kulipa baada ya kupokea mzigo. Kilichoshuka kwenye basi ni makasha yenye picha ya mwanajeshi na maandishi makubwa ya dhahabu: lumeni 100,000, mwanga wa kilomita 2, betri mbili za miliampea-saa 9,900 kila moja. Nilipopiga simu, mhudumu alinijibu kwa furaha ya kweli: "Mzee wangu, shukuru tu, umepewa yenye nguvu mara mia kwa bei ile ile."

Sasa tuifanye hesabu ambayo duka halikuifanya. Taa nzuri ya LED ndani ya tochi hutoa takriban lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Betri halisi ya 18650, yenye volti 3.7 na miliampea-saa 3,500, hubeba karibu wati-saa 13. Kwa hiyo lumeni 1,000 zikila wati 10, betri moja itazihimili kwa saa moja na robo hivi, na kwa mwanga mdogo zaidi itakwenda usiku kucha; hilo ndilo tulilolipia. Lumeni 100,000 kwa kiwango hicho hicho zinataka wati 1,000, yaani umeme wa kuendesha pasi ya nguo, kutoka kwa kifaa kilichofungwa kwenye paji la uso wa binadamu. Hata betri mbili halisi zingekauka kabla ya dakika mbili kutimia, na mvaaji angekuwa ameshaungua. Hakuna namna ya kuitetea namba hiyo. Nilizimulika tochi mbili ukutani, moja ya hizo mpya na moja ya zamani ya lumeni 300 kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika, na ile ya zamani ndiyo iliyong'aa zaidi.

Upo utaratibu wa kupima tochi unaoitwa FL1, uliotolewa Marekani mwaka 2009, na watengenezaji makini huweka alama zake kwenye makasha yao. Chini ya utaratibu huo mwanga hupimwa kwa tochi nzima kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwashwa, si kwa kusoma sifa za chipu kwenye karatasi. Muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ushuke na kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Na umbali huishia pale mwanga unapobaki lux 0.25, ambao ni sawa na wa mbalamwezi pevu. (Kipimo hicho chenyewe kina huruma nyingi kwa wauzaji, kwa maana tochi iliyoandikwa saa 12 inaweza kukupa saa moja ya mwanga wa maana na saa nyingine 11 za kutambaa.) Tangazo lao lilikuwa na alama hizo. Makasha yaliyokuja hayana hata moja.

Betri ndizo zilizonikera kuliko yote. Namba 18650 maana yake ni kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na katika ujazo huo betri za kuaminika huishia karibu na miliampea-saa 3,500 au 3,600. Zile chache zilizozidi hapo hazifikii hata nusu ya 9,900. Betri halisi huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Nilizipeleka hizi zetu kwa mnunuzi wa vanila, ambaye mizani yake haidanganyi, nazo zikasoma gramu 28. Fundi wa simu mjini akazipima kwa mashine inayochaji na kuhesabu umeme unaotoka, akapata takriban miliampea-saa 1,100. Kubwa zaidi, chaja iliyokuja nazo haikati umeme betri inapofika volti 4.2 kama inavyotakiwa. Inaendelea kusukuma, na moja ya betri ilipata joto hadi ikawa haishikiki. Betri ya lithiamu iliyojazwa kupita kiasi inaweza kuwaka moto, na vijana wetu huchaji vitu hivi wakiwa wamelala ndani ya vibanda vya mbao. Nilipolieleza hilo kwa maandishi, jibu lilikuwa mfululizo wa picha za vidole gumba.

Tundu la chaji nalo lina kituko chake. Ni la yuesibi (USB) ya aina ya C, lakini ukichomeka waya wenye ncha ya C pande zote mbili, tochi haipokei kitu. Fundi aliifungua moja akaona sababu mara moja: kiwandani wameacha kuweka rezista mbili za ohmu 5,100 ambazo kazi yake ni kuiarifu chaja kwamba kuna kifaa kinachosubiri umeme. Vipande viwili ambavyo thamani yake ni ndogo kuliko ya njugu unazoonja bure sokoni! Duka lilinishauri ninunue chaja nyingine, na likanitumia bei yake.

Nikaingia katika hatua ya waranti. Masharti yanasema mteja arudishe bidhaa kwa gharama zake, nasi tukazirudisha kwa basi, zikakaa huko Kampala hadi msimu wa wageni ukaanza bila tochi. Ziliporudi hazikuwa zimebadilishwa chochote, isipokuwa kwamba kifuniko cha betri cha kila tochi kilikuwa kimebandikwa kwa gundi kali. Walieleza kwamba wameziba "ili maji yasiingie". Maana yake ni kwamba betri haiwezi tena kutolewa, haiwezi kubadilishwa, na tochi nzima itatupwa siku betri itakapokufa, ambayo kwa betri hizo haiko mbali. Huo ndio ukarabati pekee tuliopata kutoka kwa duka linalojitangaza kuwa na kitengo cha huduma baada ya mauzo.

Kinachozuia maji kwenye tochi ni mpira mwembamba wa duara unaokaa kwenye uzi wa kifuniko, na mpira huo huchakaa. Unatakiwa ufutwe mchanga, upakwe mafuta ya silikoni kidogo, na ubadilishwe unapopasuka. Hakuna siri nyingine. Niliomba kununua mipira ya akiba, tena kwa fedha zangu. Wakasema hawauzi, nitumie mafuta ya kujipaka, mafuta ambayo huvimbisha baadhi ya aina za mpira na kuuharibu kabisa. Kisha wakaniandikia kwamba tochi zimeharibika kwa "matumizi mabaya". Nalikataa neno hilo. Vijana wetu hulegeza kifuniko tochi inapokuwa ndani ya begi ili isijiwashe, hubeba betri kwenye mfuko wa kifuani kwa kuwa baridi hupunguza nguvu zake, hawachaji betri iliyoganda mpaka ipate joto kwanza kwa sababu kuchaji lithiamu chini ya nyuzi sifuri huiua, na msimu ukiisha huzihifadhi zikiwa na chaji ya nusu. Tochi ile ya lumeni 300 niliyoitaja imetunzwa hivyo hivyo na inafanya kazi hadi leo.

Niliomba basi betri za badala, zile za 3,500 zilizokuwa kwenye tangazo. Hapo wakatoa udhuru ulionichekesha licha ya hasira: kanuni za usafiri wa anga haziruhusu. Kanuni hiyo ni ya kweli. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kupakiwa kama mizigo katika ndege za abiria, na zinazokwenda kwa ndege za mizigo hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji. Lakini kutoka Kampala hadi Kasese kuna basi, ndugu zangu. Kuna basi asubuhi, kuna basi usiku, na ndilo basi walilotumia kutuletea betri zile mbovu.

Najua wapo watakaosema tulifuata urahisi wa bei. Shilingi 185,000 si bei rahisi kwa mpagazi, na ni bei inayotosha kununua tochi nzuri. Wapo pia watakaosema tungenunua kwa macho mjini. Madukani hapa tochi ni zile zenye betri ya risasi ndani, zinazochomekwa ukutani moja kwa moja, nzuri kwa kutafutia kuku gizani. Tochi ya kichwani ya mlimani huwezi kuipata isipokuwa kwa kuagiza, na duka linalijua hilo, ndiyo maana linajibu linavyotaka.

Kwa upande wa sheria, msimamo wetu uko wazi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na kupewa kasha lenye namba kubwa zaidi hakulingani na kitu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inamtaka muuzaji wa mtandaoni aweke wazi jina lake kamili, anwani ya mahali alipo na namba ya simu. Ukurasa wa duka hili una namba ya simu na ramani isiyo na jengo. Madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yanasikilizwa chini ya utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, bila wakili, nami nimeshakusanya risiti, picha za mizani, vipimo vya fundi na mazungumzo yote. Kuhusu chaja, nimewaandikia UNBS, shirika la viwango la Uganda, barua ya pekee, kwa sababu hilo ni suala la usalama wa watu na haliwezi kungoja tumalizane na duka.

Tunachokidai si kikubwa: fedha zetu zote pamoja na nauli ya vifurushi, au tochi zile zile zilizokuwa kwenye tangazo, zikiwa na alama za FL1 na betri zinazotoka. Hatutaki punguzo la bei kwa ununuzi ujao, ambalo ndilo walilotuma jana likiwa na picha ya mwanajeshi yule yule.

Kwa walionunua tochi kwenye maduka ya mtandaoni ya hapa Uganda, naomba mambo mawili. Kama nanyi mmeletewa makasha ya maandishi ya dhahabu, pimeni uzito wa betri, mzitoe kwenye chaja kabla ya kulala, na muandike hapa mlichokiona. Na anayejua muuzaji wa Kampala, Fort Portal au Mbarara mwenye betri za 18650 zenye kinga ya kukata umeme, mipira ya kuziba maji na mafuta ya silikoni, aweke bei na mahali alipo, kwa kuwa vijana wanapanda tena mwezi ujao na wanahitaji taa.