Sharti langu linapitisha kila mtu, nifanye nini kabla ya Jumamosi?

MwanaKadutu: Wandugu wa Bukavu na kwingine, munisaidie haraka. Natengenezea wamama wa soko la Kadutu programu ya kikundi chao cha akiba. Anayeruhusiwa kukopa ni mwenye akiba ya dola 50 mpaka 200. Nimeandika `50 <= akiba <= 200`, nikajaribu na 120, ikakubali. Sasa mtu wa dola 3 amepita na pesa amekwisha kuchukua! Jumamosi ni kikao. Simu ndiyo mbovu?

ZiwaKivu: Pesa za wamama ni za daftari. Likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana kwa zamu, ya marehemu mama yangu ilikuwa na daftari moja, kalamu imefungwa kwa uzi isiibiwe. Hakuna aliyelia.

FundiNguba: Sharti hilo kwenye Python ni sawa kabisa. Unatumia lugha gani ya programu?

MwanaKadutu: Lugha si tatizo, kaka.

FundiNguba: Lugha GANI?

MwanaKadutu: JavaScript. Nilijifunza Python, nikahamisha vilevile ili ifunguke kwenye simu zao. Na haikulalamika hata kidogo.

FundiNguba: Ilalamike nini? Python inasoma "50 <= akiba, na pia akiba <= 200". JavaScript inaanzia kushoto: 50 <= 3 ni uongo. Kisha inachukua ule uongo na kuulinganisha na 200. Uongo unahesabiwa 0, ukweli 1, na vyote havifiki 200. Hata wa dola 900 anapita. Andika `akiba >= 50 && akiba <= 200`. Hiyo `&&` ndiyo "na pia". Na ujaribu 49 na 201, siyo 120 peke yake.

PapaMajo: Mimi iliniponza kwenye lugha ya C, `0 < x < 10`. Siku mbili nalaumu umeme.

MwanaKadutu: Hata mimi mama mweka hazina nimeshamwambia ni umeme. Nikigeuza maneno sasa, ataniona mtoto.

YayaFuraha: Mdogo wangu, nenda leo ukaseme ukweli.

SambazaKavu: Hii ni ya kutunga. Sharti linapitisha wote, halafu aliyekula ni mmoja tu? Wengine hawana shida ya pesa?

MwanaKadutu: Mama hutazama daftari lake kwanza. Wengine aliwarudisha. Siku ile hakuwepo, nilitoa mimi.

SambazaKavu: Ukampa nani?

MwanaKadutu: Mke wangu. Lakini iliyokubali ni programu, si mimi.

ZiwaKivu: Daftari! Nilisema nini?

MwanaKadutu: Fundi, ile `&&` inataka mabano?