Kampuni za utalii za Nairobi zinavunja matumbawe ya Kisite

Wanajamvi, nimekasirika na sitaficha. Kampuni moja ya utalii hapa Nairobi ilituuzia safari ya Shimoni na kisiwa cha Wasini, pwani ya kusini ya Kenya, kwa maneno matamu ya kulinda mazingira, kisha ilipotufikisha hifadhi ya bahari ya Kisite ikawaachia wateja wake wakanyage matumbawe kama sakafu ya kituo cha matatu.

Boya la kufungia mashua lilikuwa karibu. Hata hivyo kiongozi wa msafara, aliyetoka nasi Nairobi, alimhimiza nahodha atie nanga papo hapo, kwa kuwa tulikuwa tumechelewa chakula cha mchana Wasini. Nanga ikatua juu ya matumbawe, na mashua iliposukumwa na mkondo, mnyororo ukayakata matawi yake, vipande vyeupe tukiviona kwa miwani ya kuzamia. Mteja mmoja alisimama juu ya tumbawe na mapezi ya mpira miguuni, akainua kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, nje ya maji ili apigwe picha. Aliyempiga picha ni kiongozi huyo huyo.

Kinachonichoma zaidi ni dhuluma. Hifadhi ya Kisite ina kilomita za mraba 28, na humo mvuvi wa Shimoni au Mkwiro haruhusiwi kutega hata dema. Ameachiwa eneo la Mpunguti, kilomita za mraba 11, avue kwa njia za jadi. Alinyimwa bahari ya babu zake ili matumbawe, ambayo ni viumbe hai na mengine hukua chini ya sentimita mbili kwa mwaka, yastawi na samaki wapate pa kuzalia. Tena yalikwisha kuumizwa na joto la bahari la mwaka 1998, lililoua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya.

Nilipolalamika ofisini kwao, niliambiwa kwamba matumbawe huota tena na kwamba kusimamia kanuni ni kazi ya wenyeji. Nahodha atasimamiaje kanuni, ilhali anajua kwamba akikataa, kesho itakodiwa mashua nyingine? Wala si kwamba wenyeji hawajali: akina mama wa Wasini wamejenga njia ya mbao juu ya bustani yao ya matumbawe, mgeni akalipa kiingilio na kupita bila kukanyaga kitu.

Nataka mikataba ya kampuni hizi itamke wazi kwamba nahodha atalipwa hata akikataa kutia nanga juu ya matumbawe. Nawe uliyelipia safari ya Desemba, mpigie wakala wako leo umuulize mashua itafungwa wapi.