Naomba ushauri: neno "dull" katika karatasi ya wagonjwa tuliandikeje?

Mfasiri wa Ibanda (Bukavu)
Ndugu zangu, ninatafsiri karatasi ya maelekezo kwa wagonjwa iliyoandikwa kwa Kiingereza, nami nimekwama kwenye neno "dull", ambalo humo linaeleza maumivu ya tumbo. Kamusi ilinipa "butu", nikaandika "maumivu butu". Mama mmoja niliyemsomea akaniuliza kama ni maumivu ya kukatwa na kisu kisichonolewa. Mwenzangu aliyezoea Kifaransa, ambacho husema "douleur sourde", alipendekeza "maumivu kiziwi", lakini asiyejua Kifaransa ataelewa nini hapo? Mgonjwa akishindwa kueleza maumivu yake, muuguzi naye atashindwa kumwelewa, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

Mwalimu wa Kadutu
Mama mfasiri, "butu" si kosa, ila mahali pake ni kwenye kisu, panga na ncha ya kalamu. Anzia kwenye neno letu "kali": tunasema kisu kikali, mwanga mkali, rangi kali, maumivu makali, akili kali, yote kwa neno moja. "Dull" imekaa upande wa pili wa hilo "kali", lakini upande huo Kiswahili hakikuupa jina moja. Kisu ni butu, rangi imefifia, anga limetanda mawingu kama tunavyoliona juu ya Ziwa Kivu asubuhi za mvua, sauti ni nzito kama ya gunia linaloangushwa sakafuni, na siku wanunuzi wasipofika sokoni tunasema biashara imedorora. Kwa maumivu ningeandika "yasiyo makali, ya chini kwa chini".

Muuguzi, Bagira
Mwalimu, kwa heshima, "yasiyo makali" itatupoteza, kwa sababu mgonjwa ataelewa kwamba ni maumivu madogo. Neno hilo la Kiingereza linataja namna yanavyouma, wala si kiasi chake: maumivu ya namna hiyo yanaweza kumnyima mtu usingizi usiku kucha. Ukimwambia mgonjwa aonyeshe panapouma, mara nyingi hupitisha kiganja kizima tumboni badala ya kunyoosha kidole. "Chini kwa chini" ibaki, kisha iongezwe "yasiyochoma wala kukata".

Papa wa Katuba (Lubumbashi)
Niongeze jambo moja, kwa kuwa nimewahi kuliona likiumiza. Waingereza hulitumia neno hilohilo kwa somo lisilo na mvuto, na pia kwa mtoto anayechelewa kuelewa. Hapo tafadhali msiandike "mjinga". Andikeni kwamba mtoto anahitaji muda zaidi.

Mfasiri wa Ibanda (Bukavu)
Nawashukuru sana. Sasa nimeandika: "maumivu ya chini kwa chini, yasiyochoma wala kukata, yawe madogo au makubwa". Kesho nitamsomea yule mama tena kabla ya kuipeleka kuchapwa.