Mathe ana sukari na magoti yamemkataa, atembee ama apumzike?

MtotoWaUmoja: Wadau habari zenu, naomba msaada. Mathe ako na sukari miaka mingi na sasa ni magoti, akiamka lazima ashike ukuta kwanza ndio asimame, na tunakaa ghorofa ya tatu hapa Umoja hakuna lifti. Alikuwa anapenda kutembea jioni akaacha, anasema goti litaisha, na tangu aache sukari inapanda tu. Kwa kemisti ananunua diclofenac, dawa ya maumivu, kila mara. Atembee ama apumzike?

BabaNjoki: Pole sana dada. Mimi nina hizo zote mbili na nakuambia asikae. Kukaa ndio kunamaliza misuli ya paja halafu mzigo wote unabaki kwa goti. Aanze dakika kumi asubuhi kumi jioni mahali tambarare, aongeze polepole mpaka dakika 150 kwa wiki. Kwa ngazi, kupanda mguu mzuri unatangulia, kushuka ule unaouma ndio unatangulia, na ashike chuma. Na akipunguza kilo moja tu, goti linapunguziwa karibu kilo nne kila hatua!

FizioMtaani: Mimi hiyo diclofenac ndio inanipa wasiwasi kuliko goti lenyewe. Sukari tayari inasumbua figo, na kama anameza za presha pia ni hatari zaidi, tafadhali mpeleke kliniki apimwe figo na aulize kuhusu ile ya kupaka. Zoezi la nyumbani: akae kwa kiti, anyooshe mguu, akaze paja ahesabu mpaka tano, ashushe polepole, mara kumi kila upande. Uchungu kidogo ni sawa lakini kesho yake goti likifura apunguze, asiache.

MtotoWaUmoja: Asanteni sana. Za sukari anameza metformin na glibenclamide. Pia ameambiwa atadungwa sindano ya goti, ni sawa?

NesiWaSukari: Kama ni ya steroidi, ile dawa ya kupunguza uvimbe, inatuliza uchungu lakini sukari hupanda siku kadhaa, so amwambie daktari ako na sukari na apime mara nyingi hiyo wiki. Glibenclamide nayo inaweza kumshusha sukari sana akitembea na njaa, apime kabla, ikiwa chini ya 5 (mmol/L) ale ndizi kwanza, na abebe glukosi mfukoni, akianza kutetemeka na jasho asimame atumie hapo hapo. Na viatu jamani, si slipa! Akung'ute kokoto kabla avae, na jioni wewe mwenyewe umwangalie nyayo hadi katikati ya vidole, juu mtu wa sukari anaweza kuwa na kidonda na hasikii chochote.