Tupeane uzoefu: maandazi na donati za kuoka badala ya kukaanga

Mleta mada (Tabata)
Habari zenu wakuu. Nyumbani kwangu chai ya asubuhi haipiti bila andazi, na chini ya paa hilohilo nina watoto wa shule na mzee mwenye presha. Karai la mafuta nimeliweka pembeni, siku hizi naoka. Nafungua uzi huu kwa sababu maelekezo mengi yanasema tu "badala ya kukaanga, tia kwenye oveni dakika 25". Ukifuata hivyo unatoa kitu kigumu ambacho watoto watakirudisha kwenye kontena kama kilivyokwenda.

Kwangu siri ni unga wenyewe. Kwenye karai, mafuta ya nyuzi 180 yanalikumba andazi kwa mpigo. Maji yaliyomo yanageuka mvuke ngozi ikiwa bado laini, ndiyo maana linajaa na kubaki na uwazi ndani. Hewa ya oveni hupeleka joto polepole mno ukilinganisha na mafuta. Ukiweka unga mgumu, ngozi inakauka kabla tumbo halijapanda. Kwa hiyo wa kuoka ukandwe laini zaidi, ukatwe mnene zaidi, moto uwe mkali na muda uwe mfupi.

Vipimo vyangu: unga nusu kilo, theluthi yake iwe ngano isiyokobolewa. Sukari gramu 60, yaani vijiko 5 vya chakula vya kusawazisha. Hamira vijiko 2 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko 2 vya chakula, iliki iliyotwangwa palepale, na maziwa ya uvuguvugu karibu mililita 330. Changanya, acha dakika 20 ndipo ukande, maana pumba za ngano zinahitaji muda kunywa maji. Unga utanata mikononi, vumilia, usiongeze mkavu. Ukishaumuka ukawa mara mbili ya ulivyokuwa, sukuma unene wa sentimita 2 hivi, kata vipande 16, uache uumuke tena kwenye treya. Oveni nyuzi 200, dakika 10 hadi 12. Yakitoka tu, yapake maziwa kwa brashi na uyafunike kwa kitambaa safi. Ule mvuke unaobaki chini ya kitambaa ndio unaolainisha ngozi, usiuruke.

Haya, karibuni. Mtu akisimulia aseme anatumia unga gani, moto gani, na waliokula walisemaje.

Wa Likoni
Dadangu, mimi ni mtu wa mahamri na mbaazi za nazi, na hamri isiyo na mfuko ndani kwetu haihesabiki. Kwa hiyo hapo kwenye unene tunatofautiana. Mimi nasukuma wembamba wa kawaida, nakata pembetatu, lakini treya naitanguliza ndani ya oveni ipate moto hasa, nyuzi 230 au 240. Unga ukitua juu ya bati lenye moto ule unachomwa na joto kutoka chini papo hapo na unafura. Dakika 4 au 5 natoa. Si yote yanayofura, lakini mengi yanafura.

Masharti ni mawili. Yaliwe yakiwa moto, kwa sababu yakipoa yanakuwa magumu upesi. Na yasiachwe dakika ya ziada hata moja. Wanangu wanayachana, wanajaza mbaazi, hawaulizi mafuta yako wapi. Mume wangu bado anataka ya karai siku ya Ijumaa na nampikia, sioni ubaya. Siku sita kwenye oveni na moja kwenye karai tayari ni mabadiliko makubwa.

Mleta mada
Wa Likoni, hiyo ya kutanguliza treya nimeipenda sana. Ni njia ileile ya mikate ya Kiarabu inayofura. Basi tuseme hivi: ukitaka mfuko, wembamba na moto mkali sana, ule palepale. Ukitaka ya kubeba shuleni, mnene na laini.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Wanangu, naona mnazungumza oveni na nyuzi, na wengi wanaosoma hapa hawana oveni. Msisahau kupalia. Sisi Unguja mkate wa kumimina tumeuoka miaka yote kwa makaa juu na makaa chini, na maandazi yanakubali vilevile.

Chukua sufuria nzito, tandaza mchanga mkavu uliochekechwa unene wa vidole viwili, funika, weka jikoni ipate moto kwanza. Paka mafuta sinia dogo, panga maandazi yaliyokwisha umuka, yasigusane. Weka sinia juu ya mchanga, funika kwa mfuniko wa bati ulio bapa, kisha palia makaa juu yake. Makaa mengi yawe juu, ya chini uyapunguze. Wanaounguza ni wale wanaoacha moto wa chini kama wanachemsha maharage. Yakianza kunukia iliki hadi mlangoni, funua utazame. Kwa kawaida ni robo saa.

Na tui msilitupe. Nasikia siku hizi watu wanaliogopa. Tieni tui jepesi la mkamuo wa pili badala ya lile zito la kwanza. Harufu inabaki, mafuta yanapungua.

Mleta mada
Shikamoo bibi. Ahsante sana, hili la kupalia lilikuwa linakosekana. Nakuunga mkono kwenye tui: mafuta ya nazi ni ya aina inayoganda, na mwenye shida ya moyo hushauriwa ayapunguze, lakini tui jepesi kwenye nusu kilo ya unga likigawanywa kwa maandazi 16 si tatizo kubwa.

Mama Mapacha, Mwanza
Mimi nachanganya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Nachemsha na maganda, namenya, naponda vikiwa bado vya moto hadi visiwe na vipande, naacha vipoe. Kikombe kimoja cha viazi kwa vikombe vitatu vya unga. Maziwa unapunguza, kwa sababu kiazi kina maji yake: mimina kidogo kidogo. Sukari naweka vijiko viwili tu, utamu wa kiazi unafanya kazi iliyobaki. Andazi linatoka na rangi ya dhahabu, na kesho yake bado ni laini, kitu ambacho la unga mtupu haliwezi.

Faida nyingine ni vitamini A, ndiyo sababu vinaitwa viazi lishe, na mwili huipokea vizuri zaidi kukiwa na mafuta kidogo, kwa hiyo msiondoe mafuta yote kwenye unga. Pacha mmoja alikuwa hagusi kiazi sahanini. Kwenye andazi anakula na kuomba la pili.

Jambo jingine ambalo sijaona likisemwa: watoto wangu wa miaka sita wanakata na kupanga wenyewe. Kwenye karai la mafuta moto nisingewasogeza hata hatua tatu.

Mswahili wa Muscat
Salaam alaikum. Huku tende hazikosi, nami nimeacha sukari kabisa kwenye unga. Natoa kokwa, naloweka tende kama 10 kwenye maziwa ya moto nusu saa, nasaga, nakandia unga kwa hayo maziwa. Maandazi yanatoka na rangi ya kahawia na utamu wa taratibu. Angalizo: unga wa tende hubadilika rangi haraka, punguza moto hadi nyuzi 180, la sivyo nje pataonekana pameiva na ndani bado.

Wasiokuwa na oveni lakini wana kile kikaangio cha hewa, kinafaa. Ni oveni ndogo yenye feni kali, ndiyo maana kinakausha. Pakeni mafuta juu kabla ya kuweka, nyuzi 170, dakika 7 au 8, na msijaze kikapu.

Muuguzi, Morogoro
Ndugu zangu, nafurahi kusoma haya, lakini naomba tuseme ukweli wote kwa ajili ya wazee wetu wenye kisukari. Kuoka kunaondoa mafuta. Wanga uko palepale. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, hivyo andazi lililonyonya kijiko kimoja cha chai cha mafuta limejiongezea kalori 40 hivi, na kuzikwepa ni faida halisi kwa mwenye uzito mkubwa. Ila sukari ya damu tunayopima kidoleni hupandishwa hasa na wanga na sukari, na unga mweupe uliookwa unapandisha kama uliokaangwa. Tende nazo ni sukari, kaka wa Muscat, ingawa zinakuja na nyuzinyuzi zake.

Sasa tazameni kikombe. Kwa vipimo vya mleta mada, sukari gramu 60 kwa maandazi 16 ni chini ya gramu 4 kila moja, hata kijiko cha chai hakijai. Halafu mtu anatia vijiko vitatu kwenye chai na kunywa vikombe viwili. Hapo ameshakula gramu 24 kabla ya andazi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani karibu gramu 50 kwa mtu mzima, na ikishuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Huyu hizo 25 karibu amezimaliza kwenye chai.

Ninachowaambia wanaokuja kliniki: andazi moja la kuoka la unga usiokobolewa, na maharage au mbaazi au yai, chai bila sukari. Mwenye mashine apime saa mbili baada ya kula aone mwili wake unasemaje. Miili haifanani.

Mleta mada
Muuguzi, Mungu akubariki. Nimeisoma hii kwa sauti mezani. Sukari ya chai imehamia kabatini.

Dada wa Toronto
Mimi nina ile treya ya donati yenye mashimo sita. Huku hamira sina subira nayo, natumia beking pauda: unga kikombe kimoja na nusu, beking pauda vijiko viwili vya chai, sukari robo kikombe, mdalasini, mayai mawili, mtindi kikombe kasoro robo, mafuta vijiko viwili vya chakula. Koroga mpaka unga usionekane, basi, usikoroge zaidi maana zitakuwa ngumu. Nyuzi 180, dakika 10 hadi 12. Sipaki sukari ya unga juu. Badala yake naponda ndizi mbivu na siagi ya karanga kidogo, napaka zikiwa na uvuguvugu.

Kijana wa Thika
Swali: ya kuoka yanauzika? Nauza mandazi karibu na stendi na mafuta yamepanda bei.

Mama Mapacha, Mwanza
Mdogo wangu, wa stendi anataka la moto lenye mafuta, atakupita. Mimi nauza ofisini na shuleni, kwa oda, na naandika kabisa kwamba ni ya kuoka na yana viazi lishe. Anza na wateja kumi wanaojali, usibadilishe meza yote kwa siku moja.

Wa Likoni
Na kuyahifadhi? Mimi yangu hayafiki jioni.

Mleta mada
Yale manene yapoe kabisa, funga kwenye mfuko usioingiza hewa, weka kwenye friza siku hiyohiyo, yanakaa hata mwezi. Asubuhi nyunyizia maji kwa vidole, oveni dakika 5. Kwa Bi Mkubwa, kikaango kikavu kilichofunikwa, moto mdogo.